Dukani Tisa, Sokoni Kumi

Mabinti mliopewa madarasa ya watoto wadogo mwaka huu, mliniomba niwaandikie namna nilivyokuwa napima hesabu za watoto. Nimeandika. Mjukuu wangu amenakili kwenye kompyuta na nimemkataza kunirekebisha, kwa hiyo mkikuta kosa ni langu, msimlaumu.

Kwanza mjue mnayemsikiliza. Naitwa Enesi. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Hasamba, mwaka ambao kahawa ilizaa sana na mikono ya kuchuma ikawa michache. Nilitolewa nikachume, sikurudi tena. Sina cheti chochote zaidi ya cha kipaimara. Lakini watoto niliowafundisha kujumlisha hapa Chapwa, Tunduma, nikikaa barazani asubuhi, wananipita na sare za sekondari wakinipa shikamoo. Wengine wana ndevu.

Kazi hii sikuiomba. Akina mama wanaouza sokoni walikuwa na watoto wadogo wanaozurura katikati ya malori. Mtaa ukawapa ghala la mahindi lililokuwa tupu, wakatafuta mtu wa kukaa nao humo. Walinichagua kwa ukali, si kwa elimu. Mama mmoja alisema mbele yangu kabisa, "Huyu bibi akikutazama tu, unakumbuka kosa la mwaka jana." Nikakubali. Miaka kumi na tisa ikapita.

Sasa hesabu.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nasimama mbele nauliza, "Mbili na mbili?" Ghala zima linaitika, "Nneee!" Nauliza, "Tatu na mbili?" "Tanooo!" Nilikuwa narudi nyumbani kifua mbele. Nilijiona mwalimu mkubwa kuliko waliosomea.

Siku moja akaja Mwalimu Ambakisye. Huyu alikuwa mzee wa Isongole, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu alilovaa jua na mvua. Alikuwa amekuja Tunduma kumsalimia binti yake, na binti yake alikuwa jirani yangu. Alisikia kelele zetu akasimama mlangoni. Nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikawauliza watoto maswali kumi mfululizo, wakaitika yote.

Akasema, "Mama Enesi, hawa wanaimba vizuri sana. Wanajua kujumlisha?"

Nikamwambia, "Si umesikia?"

"Nimesikia kwaya. Nipe benchi, niliweke nje. Uniletee mmoja mmoja."

Nikampelekea. Yule wa kwanza, mtoto aliyekuwa anaitika kwa sauti kuliko wote, aliulizwa mbili na tatu. Akageuka nyuma kuwatafuta wenzake. Wa pili akasema, "Nne," wa tatu akasema, "Nne," kwa sababu nne ndiyo lilikuwa jibu letu tunalolipenda. Kati ya ghala zima walijua watatu. Watatu tu! Wengine walikuwa wanafungua midomo nyuma ya wale watatu, wamechelewa kidogo sana, kama mtu asiyejua wimbo kanisani. Nilitamani ardhi inimeze na lile benchi.

Mzee hakunicheka. Alisema, "Kila unapotaka kujua mtoto anajua nini, mtenge na sauti za wengine. Na kabla hujafundisha chochote, pima. Ukishafundisha, pima tena. Usipopima mwanzo, utajisifu kwa kitu ambacho mtoto alikuja nacho kutoka kwao."

Maneno hayo ya mwisho yashikeni. Yalikuja kunichoma baadaye.

Mwalimu Ambakisye alinifundisha kwa vipande, kila alipokuja kwa binti yake. Nitawapa vile ninavyovikumbuka, bila mpangilio.

Kaa chini. Usimpime mtoto ukiwa umesimama juu yake kama mgambo. Mimi magoti yalikuwa yanauma lakini nilikaa mkekani.

Usimpime akiwa na njaa. Mpe uji kwanza. Kuna mtoto niliandika hajui kitu, kumbe alikuwa anatazama sufuria nyuma yangu muda wote.

Muulize kwa lugha anayolilia akiumia. Nilikuwa na mtoto mmoja, kila nikimuuliza kwa Kiswahili anatazama vidole vya miguu. Siku moja nilimuuliza kwa Kinamwanga cha kwao, akajibu kabla sijamaliza, na akaongeza kuniuliza kama nina swali gumu zaidi. Mshenzi mdogo yule. Sasa hivi anaendesha lori.

Vitu vya kuhesabia chagueni kwa akili. Vizibo vya soda vinaviringika mpaka chini ya mlango, na mtoto anakwenda navyo. Mahindi kuku wanayala. Maharage watoto wanayatia puani. Niliwahi kukimbia na mtoto zahanati na harage puani, sitaki kusimulia zaidi. Mimi nilitumia kahawa kavu kutoka nyumbani Hasamba. Punje ya kahawa ina mgongo na tumbo. Ukiilaza tumbo chini, haiendi popote, inakungoja.

Na hili ndilo kubwa: usitazame jibu peke yake, tazama mtoto amefikaje. Mwambie tano na tatu. Mmoja atapanga punje tano, atapanga tatu, halafu atarudi mwanzo kabisa: moja, mbili, tatu, nne, mpaka nane. Mwingine ataweka tano kichwani, atafungua vidole vitatu: sita, saba, nane. Wote wamesema nane. Kwa asiyejua kutazama, wako sawa. Hawako sawa hata kidogo. Huyu wa pili amevuka mto, yule wa kwanza bado anavua viatu.

Kwa hiyo daftari langu lilikuwa na alama zangu mwenyewe. Nukta, mtoto hakujaribu. Kijiti, alihesabu zote kuanzia moja. Duara, alianzia kwenye namba kubwa. Nyota, alijua bila kuhesabu. Wenye vyeti walilicheka daftari lile. Subirini.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza ni ule ambao darasa langu lilitaka kufungwa.

Kamati ya wazazi ilikuwa imepata mwenyekiti mpya, Baba Jofrey, dalali wa mizigo pale mpakani. Mtu wa sauti kubwa, simu mbili, na si mtu mbaya. Alikuwa anaona aibu mwanawe kufundishwa na bibi wa darasa la nne ndani ya ghala. Kwenye kikao alisema, "Bibi, tunakuheshimu. Lakini hiyo darasa la nne yako ni ya enzi zipi? Ya kuhesabu ng'ombe?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Ng'ombe wa baba yangu hawakuwahi kupotea hata mmoja. Wewe juzi umepoteza tela zima."

Wakacheka zaidi, lakini kicheko hakikuniokoa. Walikata shauri hivi: watoto wangu kumi na wanane watapimwa hesabu mwanzo wa muhula na mtu wa nje, na mwisho wa muhula watapimwa tena na mtu huyohuyo. Ikionekana bibi ameongeza kitu, darasa libaki. Isipoonekana, lifungwe, watoto wahamie shule iliyo ng'ambo.

Ng'ambo maana yake ni kuvuka barabara kuu. Wenyeji mnaijua. Malori yamepanga foleni ya mpakani, na katikati ya lori na lori ndipo mtoto anapopenya, na dereva yuko juu haoni kitu kifupi kuliko taa zake. Mwaka uliotangulia mtoto wa jirani yangu alivunjwa mguu pale. Anachechemea mpaka leo. Kwa hiyo mimi sikuwa nagombania kiti. Nilikuwa nagombania miguu thelathini na sita.

Mpimaji alikuwa Mwalimu Festo, kijana mpole, mwenye miwani, wa shule ya huko huko ng'ambo. Alikaa na kila mtoto peke yake kama inavyotakiwa, nikampa alama kimoyomoyo. Alikuwa na maswali matano, yote ya kununua nyanya, ili watoto wasiogope. Mtoto akipata matatu, anahesabiwa anaweza.

Alipofika kwa Zaituni nilikuwa nakoroga uji karibu, nikasikia. Zaituni alikuwa na miaka sita, mtoto wa mama muuza nyanya aliyekuja huku kutoka Kigoma, baba dereva. Nilikuwa nimemjua wiki mbili tu.

"Mama amenunua nyanya tano," Mwalimu Festo akasema, "halafu akanunua nyingine mbili. Kwenye kikapu ana ngapi?"

Zaituni akatazama vidole. Midomo ikachezacheza. "Nane."

"Haya. Amenunua tatu, halafu moja."

"Tano."

"Amenunua mbili, halafu nne."

"Saba."

Kila jibu limezidi moja. Na hakuwa peke yake. Watoto saba, wote wa akina mama wa sokoni, walizidisha moja hivyo hivyo. Wengine walinyamaza. Waliohesabiwa kwamba wanaweza walikuwa watano kati ya kumi na wanane. Baba Jofrey alichukua matokeo, akayatazama, akasema, "Ahaa."

Nilikasirika. Mwalimu Festo alipoondoka nilimsimamisha Zaituni mbele ya wenzake. "Tano na mbili ni nane kwenu huko?" nikamuuliza. "Nani kakufundisha?" Mtoto alilia bila sauti, machozi tu. Nilimwacha amesimama mpaka uji ukaisha kugawiwa. Nasimulia hili kwa sababu nimewaambia nitasema kweli.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Nikasimama kwa mama yake Zaituni, na mtoto alikuwepo anasaidia kupanga mafungu: nyanya nne chini, moja juu, tano. Hahesabu, anapanga tu kwa macho, haraka. Nikasema, "Nipe fungu moja, na mbili hizo kubwa za pembeni."

Zaituni hakunitazama usoni, alikuwa bado ananiogopa. Akamimina fungu kwenye mfuko wangu. Akaweka zile mbili. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akachagua nyanya moja ndogo akaitupia humo.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

Mama yake akanishangaa. "Bibi jamani! Si mbasela? Mteja akiondoka bila mbasela atarudi hapa tena?"

Kwa msiotoka mpakani: mbasela ni ile nyongeza ya bure. Neno limevuka kutoka kwa wenzetu wa Zambia na sasa ni la kwetu. Mtoto wa sokoni huku anaijua mbasela kabla ya kujua jina la baba yake.

Nikamuuliza Zaituni taratibu, "Kwenye mfuko wangu zipo ngapi?"

"Nane," akasema. Na zilikuwa nane.

"Na nilizonunua?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi mno. "Saba. Moja nimekupa mimi."

Nilisimama pale mfuko mkononi. Yule mtoto alikuwa amejumlisha mara mbili, tano na mbili, na moja tena, na mimi nilimsimamisha mbele ya watu. Nikamwomba radhi. Mimi Enesi, ambaye mume wangu aliishi nami miaka thelathini akisubiri neno hilo, nilimwomba radhi mtoto wa miaka sita mbele ya mama yake na mbele ya nyanya zote. Mama yake alidhani naumwa.

Jioni ile nikampigia simu Mwalimu Ambakisye kule Isongole. Alikuwa mzee sana, anasikia kwa sikio moja. Alicheka mpaka akakohoa.

"Niwakataze hiyo mbasela?" nikauliza.

"Ukiwakataza watadhani hesabu ni jambo la ghalani tu, halihusiani na maisha. Usiifute, itenge. Za kununua ziwe huku, mbasela iwe peke yake kule. Waambie swali linataka zipi." Kisha akasema, "Yule kijana mpimaji umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie, Mama Enesi. Wale saba walikuwa wanajua. Karatasi yake ina makosa yasiyo ya watoto."

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nikakata simu.

Sikumwambia.

Hesabu zangu zilikuwa rahisi. Karatasi ya mwanzo ikibaki inasema watano, basi mwisho wa muhula nikifikisha kumi na sita, nitaonekana nimefanya maajabu. Nikienda kusema kwamba saba wengine walikuwa wanajua tangu siku ya kwanza, waliojua wanakuwa kumi na wawili. Kutoka kumi na wawili mpaka kumi na sita, Baba Jofrey atasema, "Ahaa." Nikanyamaza muhula mzima. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya ile barabara.

Lakini kufundisha, nilifundisha! Mabinti, sijawahi kufundisha vile, kabla wala baada. Kila asubuhi punje za kahawa mkekani. Mbasela nikaiwekea kifuniko cha chupa, kila mtoto na chake. Unanunua punje nne, unanunua tatu, mbasela inakaa kwenye kifuniko. "Ulizonunua?" "Saba!" "Na mbasela?" "Nane!" Na sikuwaruhusu kuitika pamoja. Nilimnyooshea mmoja kidole, wengine midomo imefungwa.

Halafu nikawatoa kwenye kuhesabu kuanzia moja. "Kubwa iweke kichwani," nawaambia, nao wanajigonga utosi kwa kiganja: nane, pa! Halafu vidole: tisa, kumi, kumi na moja. Walijigonga mpaka mama mmoja akaja kuuliza kama kuna ugonjwa wa kichwa darasani.

Na yale mafungu, hayo nilijifunza kwa Zaituni. Mtoto anayepanga nyanya tano kwa macho hana haja ya kuzihesabu. Nikawafundisha wote kuona fungu ndani ya namba. Saba ni fungu na mbili. Tisa ni fungu na nne. Jofrey, mtoto wa mwenyekiti mwenyewe, ambaye hakuwahi kuuza hata kitunguu, alishika jambo hilo wiki moja akaanza kumsumbua baba yake mezani: "Baba, mayai sita ni fungu na ngapi?"

Mwisho wa muhula Mwalimu Festo akarudi. Kamati yote ilikuja, wamepangwa kwenye mabenchi ukutani, Baba Jofrey katikati na simu zake mbili. Mimi nilipewa kiti dirishani na amri moja: nisiseme neno. Nilikalia mikono yangu.

Mwalimu Festo alikuwa amebadilisha maswali, kwa uzito uleule, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiuliza yaleyale unapima kumbukumbu. Watoto wakaanza kuingia. Mmoja akajigonga utosi, pa! Akajibu. Wa pili, pa! Nikasikia mzazi mmoja ananong'ona, "Wana nini hawa?" Wa tano, wa kumi. Kalamu ya Mwalimu Festo ilikuwa inaweka vema, vema, vema. Wawili walikwama, mmoja alikuwa ametoka kuugua, mwingine hakuwa amekomaa bado, na nilijua. Wa mwisho alikuwa Zaituni.

"Mama amenunua ndizi sita," Mwalimu Festo akasema, "halafu akanunua nyingine tatu. Anazo ngapi?"

Zaituni akainamisha kichwa upande mmoja. "Amenunua kwa nani?"

"Kwa... kwa muuzaji tu."

"Dukani au sokoni?"

Mwalimu Festo akasukuma miwani. "Kuna tofauti?"

"Ipo," Zaituni akasema, kama anamwelekeza mgeni njia. "Dukani tisa. Sokoni kumi."

Baba Jofrey akasimama. "Mtoto anabishana na mwalimu! Bibi, huyu umemfundisha nini?"

"Baba, dukani hawatoi mbasela," Zaituni akamjibu.

Akina mama wa sokoni, wote kwa pamoja, wakapasuka kucheka, wakapigana viganja. Mwalimu Festo hakucheka. Alikuwa anatazama mbali, mtu anayekumbuka. Taratibu akafungua mkoba, akatoa ile karatasi ya mwanzo wa muhula. Akaitazama. Akanitazama mimi.

Na mimi nilikuwa naweza kutazama pembeni. Mpaka leo najua nilikuwa naweza.

Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, niliambiwa nisiseme, lakini nasema. Karatasi hiyo ina watoto saba umewaandikia wamekosa, na hawakukosa. Walikuwa wanakuhesabia na mbasela. Nimejua tangu wiki ile ile uliyowapima, nikanyamaza ili nionekane nimefanya makubwa. Sahihisha. Hawakuwa watano, walikuwa kumi na wawili."

Baba Jofrey akapiga paja. "Ahaa! Basi walikuwa wanajua! Kumi na wawili mpaka kumi na sita, wanne tu. Muhula mzima, watoto wanne. Jamani, bibi amejifunga mwenyewe!"

Nikamwambia, "Nimejifunga. Sasa lete daftari langu, liko juu ya gunia."

Mwalimu Festo alilichukua yeye. Akalifungua, nikamweleza alama zangu. Mwanzo wa muhula: nukta na vijiti tupu. Hata wale waliokuwa wanajua, kila mmoja alikuwa anaanza moja, mbili, tatu, na zaidi ya kumi hakuna aliyethubutu. Mwisho wa muhula: maduara, maduara, maduara, na hapa na pale nyota. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza, "Bibi, hizi alama alikufundisha nani?"

"Nyingine mzee mmoja wa Isongole, nyingine magoti yangu."

"Naweza kuhakiki?"

"Hakiki. Ndiyo maana yake."

Akamgeukia Zaituni. "Haya, mama amekwenda dukani. Dukani, umesikia? Amenunua ndizi nane, halafu tano."

Nilishika kiti. Nane na tano inavuka kumi, na vidole vinaisha. Kwenye karatasi yake hakukuwa na swali kama hilo, mwanzo wala mwisho. Zaituni hakujigonga utosi. Hakufungua hata kidole. Alifumba macho mara moja, akafumbua.

"Kumi na tatu."

Mwalimu Festo akainama kumsogelea. "Umejuaje?"

"Nane ni fungu na tatu. Tano ni fungu. Mafungu mawili, kumi. Zimebaki zile tatu."

Nikatupa jicho kwenye benchi la kamati. Baba Jofrey alikuwa ameficha mkono chini ya koti, na koti lilikuwa linachezacheza. Alikuwa anahesabu kwa vidole! Jofrey, mwanawe, alikuwa amechungulia mlangoni, akapaza sauti, "Baba, weka nane kichwani!"

Hapo hata mimi nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka kazini. Mwalimu Festo aliwarudisha watoto wengine, mmoja mmoja, akawauliza zinazovuka kumi. Kumi na mmoja walivuka. Mwanzo wa muhula hakukuwa na hata mmoja. Alisimama mbele ya kamati akasema, "Mimi nimesomea kazi hii, na karatasi yangu imewaonea watoto saba. Daftari la Bibi halikumwonea mtoto yeyote. Kama mnafunga darasa hili, mtafute mtu mwingine wa kuwapa sababu, mimi sina."

Akina mama walipiga vigelegele mpaka madereva wakashuka kwenye malori kutazama. Baba Jofrey alisubiri vigelegele viishe. Akaja mbele yangu, akaweka simu zote mbili mfukoni, akasema, "Shikamoo, Bibi." Alikuwa ameshaniamkia asubuhi.

"Marahaba. Unasemaje?"

"Darasa libaki. Na ghala hili nitaliwekea madirisha."

"Na sakafu," nikasema.

Akameza mate. "Na sakafu."

Nikamwambia hiyo sakafu ndiyo mbasela. Aliiweka, na ndiyo hiyo mnayokanyaga ninyi leo.

Mwalimu Ambakisye nilimpigia jioni ile ile, nikamsimulia yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Akasema, "Umechelewa, lakini umesema kabla ya kengele." Alifariki mwaka uliofuata. Lile koti la kijivu binti yake alinipa mimi, nalivaa wakati wa baridi.

Nilipostaafu, Mwalimu Festo aliniletea ile karatasi yake ya kwanza, akaniambia niitunze. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu, na daftari nawaachia ninyi, liko kwenye kabati la darasa. Fungueni mtazame kwenye jina la Zaituni. Mtaona mstari wa majibu, na mbele ya kila jibu kosa jekundu. Juu ya kila kosa Mwalimu Festo amepita kwa kalamu ya bluu akaweka vema, na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyesoma, ameandika neno moja: Sokoni.